Siku Tuliyokuwa Mzigo wa Boti Naivasha

Asubuhi ile tuliondoka Rongai bila kujua tunakwenda wapi. Nilikuwa nimepakia magunia ya mahindi kwa miezi michache kwenye shamba la mzungu, na kama ilivyo kawaida yangu, nikaanza kutaka kujua kuna nini upande wa pili wa kilima. Mke wangu alikuwa amenizoea. Alifunga vitu vyetu kwa leso, sufuria ikiwa katikati, akaniuliza tu tunaelekea wapi. Nikamwambia lori litakalosimama kwanza ndilo litakaloamua.

Lililosimama lilikuwa la maziwa. Lilitufikisha Nakuru, na hapo tukapata jingine la mbao lililokuwa likienda Naivasha. Tukakaa juu ya mbao, upepo ukitupiga usoni. Tulipopita Gilgil, mke wangu akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelipanga njia nzima.

"Sikiliza, bwana. Wewe ukitaka, lala chini ya malori mpaka uzeeke. Mimi nina mtu tumboni. Leo nikikosa nyumba ya kulala, kesho nipeleke stesheni, narudi kwa mama."

"Nyumba ya namna gani?"

"Yenye mlango. Usianze kuniuliza maswali yako."

Hakuwa akitania. Nilimjua akitania, pembe ya mdomo ilikuwa ikicheza. Siku ile pembe hiyo ilikuwa imetulia.

Dereva wa mbao alituteremsha karibu na ziwa, akasema huko hakukosi kazi. Tukafuata njia ya vumbi mpaka kwenye gati la mbao. Hapo palikuwa na boti jeupe, refu, lenye mabenchi pande zote mbili na turubai la mistari juu. Lilikuwa boti la hoteli moja ya ng'ambo ya ziwa, la kuwatembeza wageni waone ndege na viboko. Nahodha wake, Mjaluo mfupi mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, alitutazama toka juu mpaka chini kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nyinyi wawili mna uzito gani?"

Nikamuuliza uzito wetu anautakia nini. Akaeleza kwamba injini ilikuwa imetoka kutengenezwa, na Jumamosi kulikuwa na wageni wa harusi watakaojaza boti. Mwenye hoteli alitaka lizungushwe ziwani siku nzima likiwa limejaa, ili kama ni kufa, injini ife mbele ya watu ambao hawawezi kulalamika.

"Nilifikiria magunia ya mchanga," akasema. "Lakini mchanga lazima niubebe mwenyewe kuushusha. Watu wanashuka kwa miguu yao."

"Kwa hiyo kazi ni nini?"

"Kukaa. Chai na mkate vimo. Lakini ukishakaa, umekaa. Mzigo hautembei, ndugu yangu."

Tukapanda. Mke wangu hakuwa amewahi kukanyaga kitu kinachoelea, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ndani mlikuwa na wafanyakazi wa bustani ya hoteli na wanawake wawili wa dobi waliokuwa na kapu kubwa la shuka; tukasalimiana nao wote kwa mikono. Nahodha alitupanga kama sahani kabatini, mnene huku, mwembamba kule, kisha akawasha injini.

Nimepita mahali pengi tangu siku ile, lakini sijaona tena kitu kama kile. Mafunjo yalikuwa yamesimama majini mazito na mabichi, na boti likapita katikati yake kama linapita sebuleni kwa mtu. Viboko walitoa pua, wakapuliza, wakazama. Ndege weupe wenye midomo kama mifuko walikuwa wakivua kwa pamoja, wote wakiinama kwa wakati mmoja. Mlima Longonot ulikuwa umejilaza upande wa pili, kichwa kimekatwa. Nilimuuliza nahodha kwa nini chuma kinaelea, kwa nini injini haiungui, na viboko wanalala wapi. Akajibu mawili ya kwanza, na la tatu akasema niwaulize wenyewe.

Mke wangu alikuwa ameingiza vidole majini. Alikuwa akicheka peke yake, kimya kimya. Nikashukuru moyoni kwamba hata akirudi kwao kesho, atakuwa ameona hili.

Saa ya chai ikafika. Mwanamke mkubwa kati ya wale wa dobi alikuwa ameketi mbele yetu, magoti yake karibu yaguse yangu. Alimsikia mke wangu akisema neno moja la kwao, akamgeukia.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

Mke wangu akataja kwao, upande wa Kakamega. Mama akauliza ukoo wa baba, kisha ukoo wa mama. Ukoo wa mama ulipotajwa, aliweka kikombe chini.

"Huo ni ukoo wangu! Mama yako ni dada yangu. Basi wewe ni mtoto wangu wa kuzaa." Akamkumbatia, wakacheka, wakafuta machozi. Kisha akanitazama mimi, mkate ukiwa bado mdomoni mwangu. "Na huyu kijana je?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Ni mume wangu, mama."

Kwetu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, na hali mbele yake. Mimi nilikuwa nimefanya yote matatu tangu asubuhi. Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi nikaruka kuelekea mbele ya boti, na boti likainama upande mmoja, vikombe vikateleza.

"Mzigo!" nahodha akapiga kelele. "Rudi mahali pako!"

"Siwezi! Huyu ni mkwe wangu!"

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi!"

Watu wa bustani walicheka mpaka wakashikana. Lakini nahodha hakucheka. Kwao pia mkwe ni mkwe. Akapunguza mwendo wa injini, akafikiri, kisha akaagiza shuka moja itolewe kapuni. Wakaifunga juu kwenye vyuma vya turubai, ikaning'inia katikati ya boti. Mimi nikarudi mahali pangu upande huu, mama mkwe akabaki upande ule, na uzito ukakaa sawa. Mke wangu alikaa ukingoni mwa shuka, anatuona wote wawili.

Baada ya muda sauti ikatoka nyuma ya shuka. "Mwanangu, muulize mwenzio leo mnalala wapi."

Mke wangu akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia. "Mama anauliza tunalala wapi."

Nikatazama maji. "Mwambie hatujui."

"Hajui, mama."

Mama akasema: "Nina chumba kwenye laini za nyumba za wafanyakazi. Wewe utalala kwangu. Yeye hawezi."

"Na yeye?"

"Ndiyo nafikiria. Mkwe wangu akilala kwenye nyasi na mimi nikijua, nitamwambia nini dada yangu? Nahodha!"

"Naam, mama."

"Kile chumba cha mwisho, alichohama mpishi, kina nani?"

"Kina panya."

"Na kesho kuna kazi ya kukata nyasi kabla ya harusi, au hakuna?"

"Ipo, mama."

"Basi panya wahame. Hao wawili wakae pamoja huko mwisho, mbali na mlango wangu. Nitazungumza na nyapara mwenyewe."

Hivyo mila iliyonifungia mlango wake ndiyo iliyomlazimisha anitafutie mwingine. Nikasema asante kwa sauti, kwa shuka.

Tulifika ng'ambo jua likiwa bado juu ya milima. Mimi nilishuka mwisho, ili mama apite kwanza bila kuniona. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na mlango wa mabati uliolia ulipofungwa. Mke wangu aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaketi kitandani, akafungua leso na kuanza kutoa vitu vyetu, kimoja kimoja, akivipanga ukutani.