Niliunyoa uwanja wa ndege upara, yangeyange wakanishukuru

Wakuu, salamu kutoka Moshi. Hii imenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkiona najisifu mnivumilie, nimeanzia chini.

Elimu yangu darasa la saba. Nilianza na fyekeo moja, leo nina mashine nne. Ukiona bustani imenyooka hapa mjini, uliza, utatajiwa mimi.

Mwaka juzi nikapata kazi ya kukata majani kwenye kiwanja kidogo cha ndege.

Siku ya kwanza nikamkuta mama mmoja wa Uru, kule mlimani, Mama Aloyce, ameinama kando ya uzio na mundu wake. Anakata majani ya ng'ombe. Wa mlimani mnajua, ng'ombe wetu hatoki bandani, majani ndiyo yanamfuata.

Nikamfukuza. Nikamwambia hapa sasa ni kazi ya mashine. Akajitwisha alichopata, akaondoka.

Nikanyoa. Wakuu, nasema nikanyoa. Kando ya runway pakabaki kama kichwa cha mtoto wa komunyo ya kwanza. Nikapiga picha, nikaweka status.

Wiki haikuisha, yangeyange wakajaa, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Nikaona urembo, nikapiga picha tena.

Asubuhi moja kindege kinatua, wakaruka wote pamoja. Nikasikia puu. Kikayumba, kikanyooka, kikasimama mwisho kabisa.

Rubani akashuka, binti tu, umri wa mwanangu wa kwanza. Kioo kina damu na manyoya. Hakunitukana, aliomba maji. Bora angenitukana.

Msimamizi wa kiwanja akanipa mwezi: ndege wapungue au nifungashe mashine zangu. Nikapiga madebe, nikapiga honi. Wanaruka, wanazunguka, wanarudi.

Ndipo nikaona kitu. Kile kipande cha Mama Aloyce pale uzioni, ambako mashine yangu haikufika, hakikuwa na yangeyange hata mmoja.

Nikapanda Uru. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mashine imeharibika?"

Nikamweleza habari ya yangeyange. Akaendelea kulisha ng'ombe wake, kisha akasema:

"Mangi, majani hayanyolewi, yanapunguzwa. Wewe umewaanikia panzi. Yangeyange akizama kwenye majani haoni panzi wala adui, hakai. Na uliyokata ukayaacha yaoze, wadudu wakazaliana. Umepika, umepakua."

Nikamwomba radhi. Akanipa ndizi za kuchoma, nikajua yameisha.

Siku hizi naacha majani yafike shubiri moja. Yaliyokatwa nayazoa siku hiyohiyo, akina mama wanayapokea getini, wa kwanza Mama Aloyce. Masika yalinisaidia, majani yakaota upesi, mwezi ulipoisha yangeyange walikuwa wa kuhesabu. Yule binti bado anatua, akipita ananipungia mkono.

Kuna wanaosema kazi yangu siku hizi haijanyooka. Kweli kabisa, haijanyooka, na sitainyoosha.

Nilichojifunza: kabla hujamfukuza mtu, mtazame anavyoshika mundu.

Nani mwingine hapa amewahi kumfukuza mwalimu wake? Semeni, nisijione mjinga peke yangu.