Msichana wa Tairi

Pasaka ilipokaribia, Voi ilishikwa na homa ya magari. Watu ambao mwaka mzima hawakujua tofauti ya injini na debe la maji walianza kubishana kama mafundi. Magari ya mashindano yalitoka upande wa pwani, yakapita Maungu, yakaingia mjini kwetu, kisha yakapotelea kwenye vumbi la njia ya Taveta. Yalisimama kidogo tu pale kituo cha petroli, madereva wakaandikiwa saa zao na kubadilishiwa tairi. Kwa sababu ya kusimama huko kidogo, mimi nilikaa benchi la nyuma kanisani mpaka wasichana niliowafundisha kuimba wakapata watoto wa kuimba.

Nilikuwa karani katika duka la tairi karibu na stesheni. Siku za kazi nililala Voi kwenye chumba cha kupanga, Jumamosi nikipanda kwetu Mbololo kwa mama. Baba alikuwa amefariki. Tulibaki wawili tu, mimi na mama, na mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Mimi niliongoza sauti ya kwanza ya kwaya. Tulijulikana, tuseme hivyo. Mlimani kwetu, mtu akijulikana hata kikohozi chake kina habari.

Mwaka ule kampuni iliyotuuzia tairi ilileta wasichana kutoka Nairobi wa kusimama kando ya magari. Mmoja alitapika njia nzima akafika Voi hawezi hata kuinua kichwa. Bwana mmoja wa kampuni, mwenye miwani ya jua na haraka nyingi, aliingia dukani, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akamwambia tajiri wangu, "Huyu atatosha." Mimi mwenyewe sikuulizwa. Lakini sitasema nililazimishwa, maana nitakuwa mwongo. Nilitaka. Nilikuwa kijana, na maisha yangu yote nilikuwa nimevaa sketi iliyoshonwa na mama kwa makadirio ya mtu atakayenenepa siku moja.

Walinipa gauni la njano lililoishia juu ya magoti, buti nyeupe za yule mgonjwa, na utepe mpana wa kuvaa begani ulioandikwa jina la tairi. Buti zilinibana. Kabla ya saa sita vidole vilikuwa vinawaka moto. Bwana wa miwani alinisimamisha kando ya gari, akachukua mkono wangu akauweka juu ya boneti kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Boneti ilikuwa ya moto. Nikautoa. Akaurudisha.

"Dada, cheka kidogo," alisema. "Hujafiwa."

Nikacheka. Watu walijaa kila mahali, hata juu ya paa la duka la mahindi. Niliwaona wazee wawili wa kanisa letu mstari wa mbele kabisa, mmoja akiwa amewasukuma watoto wa watu ili aone vizuri. Nikafikiri wamekuja kuona magari, na pengine kweli. Adhuhuri vilikuja viboksi vya chakula. Madereva walipewa, mafundi walipewa, waandika saa walipewa. Waliokuwa wakigawa walidhani sisi wasichana tutalishwa na kampuni, na kampuni ilidhani tutalishwa nao. Wenzangu wa Nairobi walikuwa na biskuti zao, walizimaliza bila kunitazama. Nilikunywa maji ya mfereji. Sijawahi kuwa katikati ya watu wengi kiasi kile, wala sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile.

Gari la mwisho lilipita jua likielekea Taveta. Nilirudisha gauni, nikajiosha vumbi jekundu, nikalala kama gogo bila hata kuwasha jiko. Asubuhi ya Pasaka nilipanda mlima mapema kwenda kuimba. Lakini lisemwalo lipo, na hili lilikuwa limenitangulia kupanda. Nilipoingia kanisani, kwaya ilikuwa imekwisha kujipanga, na mahali pangu palikuwa pamezibwa.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Ibada ikiisha, wa kwanza kutoka husimama nje mlangoni. Wa pili humpa mkono kisha husimama kando yake. Wa tatu huwapa mkono wote wawili, naye hujiunga. Hivyo hivyo mstari unarefuka, na mpaka mtu wa mwisho atoke, kila mmoja ameshika mkono wa kila mmoja. Hata mliogombana kisimani mtashikana mikono, mtake msitake. Aliyetengwa na kanisa hasimami katika mstari ule. Hutoka wenzake wanapoimba wimbo wa mwisho, akaenda zake.

Pasaka ile, wakati mstari ukianza nje, mimi niliitwa chumba cha nyuma. Walikuwapo mchungaji, wale wazee wawili, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mama yangu kwa sababu ya cheo chake. Mzee aliyesukuma watoto ndiye aliyeanza. Alisema binti akisimamishwa kando ya bidhaa, naye ni bidhaa. Alisema magoti ya mkristo si bango. Alieleza lile gauni vizuri sana, mpaka vifungo vya mgongoni. Nyani haoni kundule, nilisema moyoni.

Mwalimu akanitetea. Alisema dunia inabadilika, kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine, kwamba wasichana wa Ulaya wanafanya na hawajafa, na kwamba Taita haitaendelea tukiwafungia mabinti jikoni. Alisema maneno mazuri. Alipomaliza nilitambua kwamba hata yeye hakuwa amenitazama. Walikuwa wakijibizana juu yangu kama wanunuzi wawili wanaokagua gari kuukuu, huyu anasema limeoza, yule anasema bado lina nguvu. Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, miguu ina malengelenge, ninanuka moshi wa petroli hata baada ya kuoga.

Hasira ilinipanda. Kama mtu angeniuliza, ningemwambia kwamba wote wawili walikuwa na kweli yao. Ni kweli niliwekwa pale kama pambo, na mkono wangu ukashikwa bila ruhusa. Ni kweli pia kwamba nilipoona sura yangu kwenye kioo cha lile gari nilijipenda, na sikuona dhambi yoyote katika kujipenda kule.

"Unatubu?" mchungaji aliniuliza.

"Nitubu nini, mchungaji? Kusimama?"

Nilimtazama mama. Nilitaka aseme neno moja, hata la kunigombeza. Alikuwa akitazama mikono yake. Wakaamua nitengwe mpaka nitakapotubu mbele ya watu, na mama hakusema ndiyo wala hapana. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikateremka Voi moja kwa moja, sikupitia nyumbani.

Nilitengwa, lakini sikuacha kwenda. Walifikiri nitatubu au nitahama, nami kwa ukaidi nikakataa yote mawili. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, peke yangu, hata kanisa lilipojaa watu wakasimama. Niliimba sauti ya kwanza kimoyomoyo. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilitoka, nikasimama mbali kidogo chini ya mti wa mgravilea, nikautazama mstari ukirefuka. Mama aliwashika mikono wote. Kisha tuliteremka kwenda nyumbani, yeye mbele na wenzake, mimi nyuma. Nyumbani tuliongea habari za chumvi, kuni na mbuzi. Akina mama walimwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Labda aliujua, lakini kwangu hakuutamka.

Mjini vijana waliniita Miss Tairi. Waliotaka kunichumbia walitaka msichana wa lile gauni, wakinikuta mimi walivunjika moyo. Pasaka zilikuja na magari yake. Wasichana wengine walisimama kituoni, nami nilifunga dirisha la duka. Baadaye nilisikia redioni watu wakibishana kama inafaa wasichana kuwekwa kando ya magari ya mashindano. Mmoja alisema ni kumdhalilisha mwanamke, mwingine akasema ni haki yake kuchagua kazi. Niliwajua wote wawili. Ni mzee na mwalimu, sauti tu ndizo zilizokuwa mpya. Nikangoja waulize msichana mmoja. Ukaja muziki.

Mchungaji mpya alipokuja, kijana mpole kutoka upande wa Wundanyi, aliuliza yule mama wa benchi la nyuma alifanya nini. Hakuna aliyeweza kumweleza vizuri. Mzee wa vifungo alikuwa amekwisha kufa, mwalimu alikuwa amehamishwa. Basi akatangaza kwamba nimerudishwa, akaendelea na matangazo ya kuezeka paa. Ni hivyo tu. Wimbo wa mwisho ulipoanza sikujua nifanye nini na miguu yangu.

Nikatoka na wenzangu, nikaingia kwenye mstari. Mkono baada ya mkono, mingine migumu ya jembe, mingine laini. Nikamfikia mama. Alikuwa amezeeka, mkono wake mwepesi kama ganda la mahindi. "Bwana asifiwe," aliniambia, kama alivyowaambia wote. "Amina," nikajibu, na foleni ikanisukuma kwa mwingine. Nilikuwa nimekingoja kitu kile miaka yote, na kilikwisha kabla sijakishika. Niliumia kuliko siku niliyotengwa.

Njiani siku hiyo mama hakutembea na wenzake. Alitangulia kidogo, kwa mkongojo wake, nami nikamfuata. Tulipofika kwenye kona ya shamba la ndizi alisema bila kugeuka, "Siku ile ya magari, ulikula nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeulizwa nilivaa nini, nilisimama vipi na nilicheka na nani. Swali hili lilikuwa geni masikioni mwangu.

"Sikula, mama. Walisahau."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Nilikuona ulivyoingia kanisani, midomo imekauka. Nilikuwa nimekupondea kimanga cha mihogo na maharagwe, nikakiacha jikoni nimekifunika. Nikasema nitakupa tukitoka."

"Halafu?"

"Halafu wakakuita, ukateremka Voi. Nikakungoja mpaka kikaganda. Nikawapa kuku."

Akaendelea kuteremka, polepole, akipiga mawe kwa mkongojo. Nilimfuata nyuma nikilia, na yeye hakugeuka, nadhani kwa sababu naye alikuwa analia.