Mota Niliyodai Imebadilishwa

Mwezi wa saba huku Karatu hita si anasa. Ukipanda ukingo wa kreta asubuhi, ukungu umetanda nje na pumzi za wageni zinafunika kioo ndani, na bila feni ya hita huioni barabara. Feni ya gari langu, la zamani ninalobebea watalii, iligoma siku moja kabla ya safari ya Ngorongoro.

Nililipeleka kwa fundi wangu wa miaka mingi, Mwiraqw mpole asiyeongea mpaka aulizwe. Alikuta fyuzi imeungua. Akaweka nyingine, nikawasha feni, ikaunguruma kidogo na fyuzi ikaungua tena. Akasema tatizo liko kwenye mota, lazima afungue chini ya dashibodi.

Hapo nikaja juu. Nina hasira za karibu, na sijivunii jambo hilo. Mwezi uliotangulia ni yeye aliyefungua dashibodi hiyo hiyo akitengeneza nyaya za redio.

"Umenibadilishia mota, fundi! Umechukua nzima ukaniwekea kimeo!"

"Kaka, mota yako sijaigusa."

"Mwizi mkubwa wewe!"

Nilisema kwa sauti. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mkulima wa Mbulumbulu, aliyeleta pikapu yake ifanyiwe sevisi kabla ya kusomba ngano. Alinyanyuka, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka nayo.

Fundi alichukua bisibisi. Alilala chali, akafungua skrubu, akaitoa mota. Kwenye feni yake kulikuwa na kipande cha shuka jekundu kimejisokota. Nilikitambua mara moja. Vumbi la njia ya Engaresero hupenya popote, kwa hiyo kiangazi madereva wengi tunaziba kwa tambara tundu la kuingizia hewa, pale chini ya kioo cha mbele. Wenzangu wakirudi hulitoa. Mimi nililisahau, likavutwa ndani.

Nikanywea. Fundi alilichomoa, akarudisha mota na kuweka fyuzi mpya. Feni ikavuma vizuri.

"Nisamehe, fundi. Nimekukosea sana."

"Nimekusamehe, kaka. Lakini yule mama ameshaondoka."

Mchana huo huo nilipanda Mbulumbulu. Nilimkuta mama uani kwake anapepeta maharage, nikamweleza yote, hata habari ya tambara. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake. Akasema pikapu ameiacha kwa fundi mwingine, na ameshawapigia simu jirani zake wawili wanaotengenezea magari kwa yule fundi wangu, kuwaonya.

"Sasa mimi nitawaambiaje, baba? Nimewaambia nimesikia kwa masikio yangu."

Ni kweli alisikia. Nilimwomba anielekeze kwao. Kwa jirani wa kwanza walinikaribisha kiti, nikakataa kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, aibu imenijaa: "Fundi wenu si mwizi. Mimi ndiye niliyemsingizia."