Baraza Isiyokauka

Juzi nilipita Kau, mji wetu wa kando ya mto, nikaiona baraza ya Bwana aliyetumiliki, makuti yameporomoka, jua linaipiga. Nikasikia tena harufu ya majivu na mikeka yenye ukungu.

Kila alasiri mama aliikunja mikeka, akamwaga majivu yanyonye unyevu wa mto, kisha akafagia taratibu, fyaa, fyaa, mpaka sakafu ikakauka. Siku moja nikamwambia, "Mama, tuketi kidogo."

"Bado ina maji, mwanangu. Ngoja ikauke."

Mara wageni wa Bwana wakaja, wakavua viatu, wakaketi. Niliwaonea huruma, maana nguo zao zingelowa.

Wakati ule sikujua mjakazi ni nini. Baraza ilikuwa kavu, na mama aliyeikausha alikufa hajaikalia.