Figo ya Kuazima

Kaka yangu alikatazwa ndizi. Kwa mtu wa Izimbya, migomba imemzunguka mpaka mlangoni, hiyo ni adhabu. Figo zake zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kuchuja madini yaliyomo kwenye ndizi. Alikuwa akienda Bukoba mjini kusafishwa damu kwa mashine, akirudi anakula wali, na sisi jikoni tunafunika sufuria ya ndizi na maharage asisikie harufu. Alisikia.

"Mnanificha ndizi zangu mwenyewe," alisema, "utadhani mimi ni mwizi."

Mimi nimeolewa Muleba. Nilipimwa, wakasema figo yangu moja inamfaa. Mume wangu hakufurahi, na sitamsema vibaya: watoto wetu bado wadogo, na ni yeye angebaki nao. Mwishowe alisema, "Nenda. Ila usiniambie nisiogope." Nikaona ana haki.

Aliyekataa ni kaka. Redioni alisikia kwamba ng'ambo wapo wanaochapisha viungo vya mwili: mashine inachukua seli za mgonjwa mwenyewe, inazipanga tabaka juu ya tabaka.

"Nitasubiri hiyo," alisema. "Siwezi kumkata dada yangu mwenye watoto."

"Na ikichelewa?"

"Simu je? Ya kwanza hapa alikuwa nayo mzee mmoja, tunapanga foleni kwake. Leo hata wewe unayo."

Moyoni nilisema simu inauzwa dukani, figo sijui itaanza kwa nani. Lakini niliishia darasa la saba. Pengine yeye ndiye aliyeelewa, mimi nina haraka tu. Basi nilimsindikiza kliniki, nikamwuliza daktari mbele yake.

Daktari hakutucheka. Alisema habari ni ya kweli, vipande vidogo vinatengenezwa, ila figo nzima ya kumwekea mtu bado, na lini, hawezi kusema. "Ikifika, hatutawaomba ndugu tena," alimwambia kaka. "Lakini wewe unaumwa leo."

Niliwafikiria wanangu. Huenda kati yao hakuna atakayekuja kuombwa figo kama nilivyoombwa mimi. Nilifurahi, sijui kama ni vibaya.

Nyumbani nilimnyooshea kiganja chenye punje za kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni. Aliiangalia kwanza.

"Tuseme umeniazima figo," alisema. "Mashine ikija, naweka ya kwangu, yako nakurudishia."

"Mawe, mama wee! Nirudishiwe figo kuukuu?"

"Basi ile mpya iwe yako ukizeeka. Foleni nitakupangia mwenyewe."

Akachukua kahawa.

Sasa tunasubiri kuitwa kwa upasuaji. Juzi nilimkuta nyuma ya jiko anapanda chipukizi la mgomba, anachimba kidogo, anapumzika juu ya mpini wa jembe.

"Hilo halizai karibuni," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimelipanda sasa."