Ilusión, Neno Alilonipa Pilar

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa kijana nikifanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya ughaibuni, karibu na Edgware Road. Viza ya mke wangu Rukia, iliyokuwa imekataliwa mara mbili, ilikuwa imetoka. Wa kwanza kumwambia alikuwa Pilar, mama wa Kihispania niliyekuwa nikikunja naye mashuka.

Akapiga makofi. "¡Qué ilusión, Hamadi!"

Furaha ikanikauka. Kihispania sikukijua, ila neno kama hilo kwa Kiingereza nililijua: ni mazigazi, kitu unachokiona na kumbe hakipo. Nikaona ananitabiria mabaya, kwamba mke haji, najidanganya tu. Tangu hapo tukakunja mashuka kimya kimya. Na mtu aliyekwisha kataliwa, mwanangu, ni mwepesi kutishika. Chumba changu cha Kilburn nilichokusudia kukipamba nikakiacha vile vile, nikijiambia heri nisitumaini, nisije nikaumia.

Mama yangu akapiga simu kutoka kwetu Wete. "Ushamtengezea mwenzio chumba?"

Nikamweleza yote. "Hamadi, wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini we mdomo unao. Ushamuuliza?"

Kesho yake nikamuuliza. Pilar aliduwaa, maskini, kisha akanishika mkono. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga akanieleza kwamba hata kwao neno hilo laweza kuwa mazigazi, lakini watu hulisema sana kwa furaha ya kungojea jema. Bibi anayetazamia wajukuu wakati wa likizo husema *me hace ilusión*. Mtoto anayejua kesho kuna zawadi hapati usingizi kwa ilusión.

"Kumbe ni usiku wa kuamkia Idi!" nikamwambia. "Nguo mpya zimetundikwa, na huruhusiwi kuzigusa."

"Hiyo hiyo!" akasema, akicheka mpaka machozi.

Siku hiyo tulikwenda pamoja kununua mapazia. Mimi nilitaka ya kijivu. Yeye akashikilia ya manjano, nami nikamwachia. Na Rukia alipotokea uwanja wa ndege akisukuma mizigo, baibui limejikunja kwa safari, nilimkimbilia nikasahau hata salamu.

"Mbona hivyo?" akaniuliza. "Ulidhani siji?"

"Nilikuwa nakungoja," nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

Basi nakuusia, mwanangu. Neno la mgeni likikuchoma, mrudie mwenyewe akueleze kabla hujalikasirikia. Na jambo la heri likiwa njiani, usiubanie moyo wako. Subira huvuta heri, lakini hapana aliyesema tusubiri kwa kununa. Anayefurahi mapema hata akikosa, siku zake za kungoja alizila tamu.

Mola asikukoseshe jema la kulitazamia, na akufikishe kwalo ukiwa mzima, moyo wako ukiwa umetangulia.