Mume Wangu Ananishuku kwa Sababu ya Madirisha

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana shemeji zangu wote wako humu. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, naishi karibu na Kibwezi. Mume wangu anafanya kazi ng'ambo, kule kwenye theluji, na huu ni mwaka wa tatu tangu aondoke.

Tunajenga. Tulipofika kwa madirisha nilimwomba tuweke kioo kimoja, dirisha kubwa la kufunguka lote, na wavu wa mbu. Akakataa kabisa. Akasema huko aliko kila dirisha lina vioo viwili, na kwamba hata joto vinalizuia lisiingie. Nikamwambia sisi hatuna mashine ya kupoza hewa, joto linaingia kwa mabati na kuta, na madirisha aliyochagua yanafunguka kipande kidogo tu cha juu, hilo joto likishaingia litatokea wapi? Fundi naye alimweleza hivyo hivyo. Akatuambia sisi hatujatembea.

Basi vyumba vya kulala vikawekwa vioo vyake, tukahamia. Jamani, joto la Kibwezi mnalijua. Ukiingia humo jioni ni kama uko ndani ya tanuri. Watoto wakatoka vipele mwili mzima, nikatandika mkeka kwenye veranda, na huko ndiko tunalala mpaka leo.

Sasa kila akipiga video ananikuta nje gizani. Mwanzo aliuliza tu, nikamwambia ni joto, hakuamini. Baadaye akaanza kumtuma mamake aje kuchungulia, kisha akanipa amri kwamba akipiga anipate chumbani. Juzi nikatii. Nilijifungia humo nikingoja simu yake, nguo imenishika mgongoni. Alipouona uso wangu akasema, "Mbona unatoka jasho hivyo? Uko na nani hapo?"

Nililia kwa hasira. Miaka yote hii nimejitunza, halafu leo naitwa malaya kwa sababu ya joto la madirisha yake mwenyewe.

Kesho fundi anakuja kuweka ya sebuleni. Mume amesema nikibadilisha hata moja, atajua kuna mtu ananifundisha kumkaidi, na nirudi kwetu. Nikiweka yake, sitakuwa na pa kukaa na watoto ndani ya nyumba yangu. Nyinyi mlio kwenye ndoa, nimwambie fundi nini asubuhi? Huyu mwanamume hajalala humo hata usiku mmoja.